Mkaguzi wa Kamba Ukweni Mwaya

Vijana wa kikosi cha miti waliniaga kwa kitenge, keki na hotuba ndefu, kisha wakaniomba niandike niliyoyaona kazini. Nikawauliza, niandike nini hasa? Mmoja wao akajibu, "Andika ulivyopanda vyeo, Mama Bupe." Mwanangu, vyeo nilivipanda kama wanavyovipanda wengine, kwa kukaa na kusubiri, na hilo halina hadithi. Mshahara nao kila mtu anaujua ulivyo. Mimi nitaandika kuhusu kamba, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya, na kwa sababu kamba iliwahi kuniingiza mahali ambapo mwanamke wa Kinyakyusa hatakiwi kuingia kabisa.

Nilianza kazi miaka ile tuliyoiita ya ruksa, maduka ya Kyela mjini yalipoanza kujaa bidhaa tulizokuwa tumezizoea kwa kuzisikia tu. Nilitoka kwetu Ngana nikiwa na cheti cha shule na viatu vya kuazima, nikapokelewa kuwa karani wa stoo katika idara ya ujenzi. Stoo yenyewe ilikuwa chumba kirefu cha bati kilichonuka dizeli na lami. Humo mlikuwa na mashoka, misumeno, ndoo, na ukutani kamba zimetundikwa kwenye vigingi vya mbao. Kyela mvua hainyeshi kwa mzaha, na kila msimu miti mikubwa ilikuwa inalalia barabara, paa za shule na nyaya za simu. Kwa hiyo idara ilikuwa na kikosi cha wapandaji, na kikosi kilikuwa na Mzee Shomari.

Mzee Shomari ndiye aliyekuwa mtunza kamba. Alikuwa baharia wa meli za ziwani, akifunga na kufungua meli pale Itungi, mpaka magoti yake yalipochoka na ngazi. Wazazi wake walitoka pwani, na yeye Ijumaa alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka. Kinyakyusa chake kilikuwa na lafudhi iliyowafanya akina mama wa sokoni wampunguzie bei ili tu aendelee kuongea. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimesimama katikati ya stoo nisijue pa kuweka mkoba.

"Ugonile, binti?"

"Ngonile, taata."

"Vizuri. Fumba macho."

Nilijiuliza kama hii ndiyo kazi ya serikali niliyoisikia. Nikafumba. Akaniwekea ncha ya kamba kiganjani.

"Ipitishe mkononi polepole. Ukifika mahali panapokuambia kitu, simama."

Nikaivuta. Ilipita vizuri, ikapita, halafu vidole vyangu vikaona pembamba kidogo, mahali paliponywea kama vile pamewahi kubanwa na mlango. Nikasimama. Mzee Shomari akacheka kwa sauti hadi fundi seremala wa chumba cha pili akachungulia.

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu anasuka mikeka."

"Basi wewe si karani," alisema. "Karani tutamtafuta mwingine."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwanafunzi wa kamba kabla sijaonyeshwa choo kiko wapi. Alinifundisha kuikagua kwa mkono mtupu, kwa sababu glovu inaficha habari. Alinifundisha kuifungua misokoto kwa vidole gumba na kutazama ndani, maana uso wa kamba unaweza kuwa msafi huku tumbo lake limejaa mchanga unaokata nyuzi moja moja. Unga mweupe ndani ni habari mbaya. Mahali pagumu pasipokunjika ni habari mbaya. Nailoni inayong'aa kama imepakwa mafuta ni habari mbaya kuliko zote, kwa kuwa hapo imewahi kuungua kwa msuguano. Nilijifunza kuinusa pia, kwani petroli na maji ya betri hayaonekani lakini yananuka. Kamba haikanyagwi, hailazwi sakafuni, haianikwi juu ya jiko, na panya akionekana stooni basi hakuna anayekwenda kula mpaka panya apatikane.

Sheria zake kubwa zilikuwa mbili. Ya kwanza, kamba inakaguliwa kila asubuhi chini ya mti wenyewe, hata kama ilikaguliwa jana jioni na malaika. Ya pili, anayeikagua ndiye anayening'inia kwanza. Ukisema kamba ni nzima, unaitupa juu ya tawi la chini, unajifunga mkanda, unainua miguu na kubembea mbele ya watu wote. Mpandaji akishakuona hapo, ndipo anapanda. Nilinunua suruali ya mitumba kwa ajili ya sheria hiyo. Mama yangu aliitazama suruali ile kwa muda, akauliza kama serikali imeishiwa wanaume.

Kwenye miaka hiyo kamba za plastiki ziliingia madukani kwa rangi zote, bluu, kijani, machungwa. Zilipendeza mno, na nusu yake zilifaa kuanikia nguo tu. Mzee Shomari alinichukua hadi dukani kwa rafiki yake mmoja wa msikitini tukachague kamba ya kikosi. Akatoa kiberiti, akachoma ncha, akanusa. Kisha akaitia mdomoni akaiuma.

"Shehe," alilalamika mwenye duka, "hiyo ni kamba, si muwa!"

"Naitafuna mimi kabla sijanunua," alijibu Mzee Shomari. "Nikishanunua vibaya, ataliwa mtu."

Akaomba gunia la mchele, akalitundika kwa ile kamba kwenye boriti ya duka. Tukakaa kwenye benchi tukanywa chai. Tulipomaliza chai, gunia lilikuwa limekaa sakafuni kwa raha zake na kamba imerefuka juu yake. Wateja wakacheka, na mwenye duka naye akacheka, kwa kuwa alikuwa muungwana. Safari iliyofuata alituletea nailoni nene iliyosokotwa, ile ya kufungia meli. Mzee Shomari aliishika, akaipapasa kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Mkanda wa kupandia tulishonewa na fundi wa viti vya magari, na kila mshono wake niliukagua mpaka fundi akasema nimemvunjia heshima.

Kesi ngumu za mwanzo hazikuwa za mitini, zilikuwa za misibani. Kwetu mtu akifa, ukoo unaleta ng'ombe, na ng'ombe anahitaji kamba. Kamba bora katika wilaya nzima ilikuwa wapi? Kwangu. Mfiwa anakuja na macho mekundu, anasimama mlangoni mwa stoo. Nani ana moyo wa kumwambia hapana? Niliazimisha, na siku chache baadaye kamba ikarudi na mkungu wa ndizi na "ndaga fijo" nyingi, yaani asante sana, ikinuka zizi. Mzee Shomari aliichukua, akatoa kisu, akaikata vipande mbele yangu. Ilikuwa mpya na nilikaribia kulia.

"Ng'ombe havuti kama mtu," alinieleza. "Anavuta kwa kushtuka, anazunguka mti, anakojoa, anaikanyagia mchanga. Hii haipandi tena na mtu. Lakini mfiwa naye hatumnyimi."

Tangu hapo kamba zilizostaafu tulizipaka rangi nyekundu nchani tukazitundika nje ya mlango. Zikaitwa kamba za msiba. Aliyefiwa alikuja akachukua bila kuomba, na akarudisha bila kukumbushwa. Mhasibu mmoja kutoka mkoani aliwahi kuuliza kwa nini mali chakavu ya serikali imehudhuria mazishi mengi kuliko mchungaji.

Sasa nimtaje Gwakisa, maana bila yeye nisingekuwa na la kuandika. Gwakisa alikuwa mpandaji wetu hodari, mtoto wa Mwaya, mwembamba, mrefu, na mwimbaji wa kwaya. Akiwa juu ya mti alikuwa anaimba sauti ya pili peke yake, kwa hiyo sisi wa chini tulisikia wimbo ambao hakuna anayeutambua. Alianza kuja stooni mapema kabla ya wenzake, akisema anataka kujifunza ukaguzi wa kamba. Alijifunza polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha. Kila siku alikuwa amesahau kile cha jana, na ilibidi nimshike mkono nimwonyeshe upya. Mzee Shomari alikuwa anatutazama, anakohoa, na kutoka kwenda kukagua misumeno ambayo haikuhitaji kukaguliwa.

Ng'ombe wa kwanza wa mahari walipofika kwa baba yangu Ngana, nilifurahi kupita kiasi. Lakini kuanzia siku hiyo baba yake Gwakisa akawa mtu nisiyeruhusiwa kumwona. Wageni wa Kyela hushangaa wakisikia jambo hili, kwa hiyo nieleze. Kwetu mkamwana anamwogopa baba mkwe kwa heshima. Hamtazami usoni, hakai naye sehemu moja, hatamki jina lake, na akimwona njiani anaacha njia. Wengi wa rika langu walishaanza kulegeza, lakini ukoo wa Gwakisa haukuwa wa kulegeza. Siku moja nilimwona mzee huyo akija kwa baiskeli kwenye barabara ya mpungani, pasipo kichaka wala mgomba. Niliruka mfereji nikachuchumaa kwenye maji hadi kiunoni nikiwa na faili za ofisi kichwani. Yeye naye alikuwa mwenye huruma. Nilikuja kuambiwa kwamba tangu siku hiyo alianza kupiga kengele ya baiskeli kabla ya kila kona, ili binti wa watu asipate homa ya mapafu.

Kabla ya mvua kubwa za mwaka huo tuliitwa Mwaya. Kulikuwa na mkuyu mkubwa uliopasuka shinani, na tawi lake zito lilining'inia juu ya njia ya kwenda zahanati. Mkuyu ulikuwa wapi? Ukingoni mwa uwanja wa baba mkwe wangu. Nilipopata habari hiyo nilimwendea Mzee Shomari ili aende yeye, nikamkuta kitandani anatetemeka kwa malaria, blanketi juu ya blanketi.

"Nenda," alisema. "Mti hauna habari na ukwe."

Tulifika Mwaya alasiri kwa lori la idara. Msimamizi wa kikosi alikuwa Daudi, mtu mwema aliyekuwa na haraka ya kumaliza kila kitu. Niliikagua nailoni yetu pale zahanati, nikaikuta nzima. Vifaa vikapelekwa kulala nyumbani kwa baba mkwe, kwa kuwa ndiko kwenye mlango wenye kufuli, na sisi tukalala zahanati. Asubuhi nilivaa ovaroli na kofia ngumu, nikasimama mgombani, ng'ambo ya uwanja ule, nisiweze kusogea zaidi. Nilisikia sauti za wanaume. Baba mkwe alikuwa amekaa nje na majirani zake, wote wamekuja kuona kazi.

"Daudi," nilimwambia, "niletee kamba hapa mgombani niipitishe mkononi."

"Ndiyo, ndiyo, nakuletea," alisema akaenda, na ndiyo yake ikaishia hapo. Jana imekaguliwa, usiku imelala ndani, nani ataigusa? Hivyo ndivyo alivyofikiri, na ndivyo alivyomwambia Gwakisa, aliyejua kwamba siwezi kubembea mbele ya baba yake; alikuja kuniambia mwenyewe baadaye. Mimi nikangoja. Nilichokisikia baada ya muda ni sauti ya pili ya wimbo wa kwaya, ikitokea juu.

Wakati huohuo mama mkwe alikuja mgombani na sahani ya ndizi za kuchemsha na nyama. Mama mkwe hana mwiko. Tulisalimiana, tukashikana mikono, na alikuwa na furaha isiyomtosha kifuani.

"Kula, mwanangu. Baba yenu hakutaka kikosi kije hapa kile ndizi kavu. Amechinja dume alfajiri! Ila dume lenyewe lilitutesa, kamba yetu ikakatika. Tukachukua ile yenu, ndaga fijo, kamba gani ile! Dume likazunguka chuma cha pampu ya zamani, likavuta, likavuta, mpaka moshi tukauona."

"Moshi, mama?"

"Kidogo tu, pale kwenye chuma. Kamba haikukatika! Baba akaiosha vizuri akaikunja akairudisha ndani."

Sahani sikumbuki niliiweka wapi. Mama mkwe aliniambia baadaye kwamba nilimwekea mikononi mwake tena na kusema asante. Ninachokumbuka ni majani ya migomba yakinipiga usoni, halafu mwanga wa uwanja. Gwakisa alikuwa ameshafika penye panda ya mkuyu. Alikuwa amegeuka kuelekea lile tawi lililoning'inia, na mkono mmoja tayari ulikuwa umeachia shina. Hatua iliyofuata ilikuwa kuegemea nyuma na kuikabidhi kamba mwili wake mzima.

"Gwakisa! Kumbatia mti!"

Wimbo ulikatika. Akalikumbatia shina kwa mikono na miguu, shavu kwenye gome. Hakuuliza kwa nini, hakutazama chini. Nilimpenda kwa hilo kuliko nilivyompenda kwa nyimbo zake zote.

"Usiiguse kamba! Jifunge kamba fupi ya kiunoni kwenye shina!"

Akajifunga. Nikavuta pumzi, na ndipo nikaona niko wapi. Mbele yangu, karibu kiasi cha kumpa mkono, alikuwa amekaa mzee mwembamba, mrefu, mwenye paji la uso la Gwakisa, ameshika mfupa wa nyama haujafika mdomoni. Tulitazamana machoni. Kisha yeye, kwa haraka nisiyoitegemea kwa umri wake, akageuza kigoda akakabili ukuta. Majirani walitazama chini. Mama mkwe alisimama ukingoni mwa migomba, mkono mdomoni.

Ningeweza kukimbia. Miguu ilitaka kukimbia, na aibu niliyoiona siku ile sijawahi kuiona tena. Lakini mtu wangu alikuwa juu, na kamba yetu ya akiba, iliyolala nasi zahanati, ilikuwa kwenye lori. Nikamwambia Daudi alete ile ya pili. Nikaipitisha mkononi yote pale pale uwanjani, nikaifungua misokoto, nikanusa. Kisha nikaitupa juu ya tawi la chini, nikajifunga, nikainua miguu. Nikabembea mbele ya ukoo mzima wa mume wangu mtarajiwa, nimevaa ovaroli, viatu vikiwa hewani. Bibi mmoja mzee alianza kucheka akashindwa kujizuia. Gwakisa akateremsha uzi mwembamba, akaivuta kamba juu, akafunga lile fundo letu linaloteleza ukilisukuma kwa mkono na kukaza ukilipa uzito. Akaegemea nyuma. Kamba ikamshika. Akaanza kuimba tena, kutoka neno lile lile alilokatishwa.

Kamba ya dume tuliiteremsha. Nilipapata mahali penyewe bila shida. Nje palikuwa pamefifia kwa kuoshwa, lakini chini ya kidole palikuwa pagumu kama ukucha, na nilipofungua ndani nyuzi zilikuwa zimeyeyuka zikashikana. Daudi aliichukua mikononi mwangu. Alifunga upande mmoja kwenye kisiki na mwingine kwenye lori, akamwomba dereva asogee taratibu. Lori halijasogea vizuri, kamba ikalia "paa!" na ncha yake ikapita hewani juu ya vichwa vya kuku. Daudi akakaa chini kwenye vumbi, akashika kichwa. Tangu siku hiyo hadi anastaafu, Daudi hakuruhusu hata kamba ya viatu ipite bila kuniuliza.

Mzee wa ukutani aliisikia ile sauti. Alinyoosha mgongo. Halafu akapaza sauti, bado anauelekea ukuta.

"Mama Gwakisa! Nani huyo aliyekuwa anapiga kelele uwanjani kwangu?"

Mama mkwe alinitazama. Nikaona akili ikimpita machoni.

"Ni mkaguzi wa kamba, baba."

"Mkaguzi. Mtu wa serikali?"

"Wa serikali, baba."

"Amevaa kofia ngumu?"

"Amevaa."

"Ahaa." Akakohoa. "Basi mimi nimemwona mkaguzi. Mkamwana wangu sijamwona, na hapa hakufika. Kuna mtu yeyote aliyemwona mkamwana wangu?"

"Hapana!" walijibu majirani kwa pamoja, na yule bibi akaitikia kwa nguvu kuliko wote huku akifuta machozi ya kicheko.

"Dume nililifunga mimi kwa kamba ya watu," aliendelea mzee. "Mwanangu yuko mtini, anaimba. Mpeni mkaguzi paja zima."

Mama mkwe akapiga kigelegele. Mimi nilirudi mgombani na paja la ng'ombe begani, nikacheka na kulia kwa pamoja, sikujali nani ananisikia. Mkuyu ulipunguzwa vizuri, tawi likashushwa bila kuvunja hata bati moja. Mzee Shomari alipopona na kusimuliwa, alitoka nje akaenda kuketi peke yake kidogo. Aliporudi alinikabidhi funguo za stoo. Akasema yeye sasa anataka kupumzika, na kwamba kama kuna paja limebaki, wagonjwa wanahitaji supu.

Tulioana baada ya mavuno ya mpunga, na mwiko ukaendelea kama kawaida. Nyumbani nilimkwepa baba mkwe kwa heshima zote. Lakini mzee yule alikuwa amegundua njia. Haukupita muda mama mkwe akaleta ujumbe kwamba baba ana kamba ya kisima na ana mashaka nayo, je, mkaguzi anaweza kupita? Nilivaa kofia ngumu, nikaingia uwanjani kwa mlango wa mbele.

"Ugonile, mkaguzi?"

"Ngonile, taata."

Kamba ya kisima ilikuwa nzima kabisa. Ikafuata kamba ya ng'ombe, ikafuata ya mtumbwi wa jirani, ikafuata kamba ambayo kwa kweli ilikuwa ukambaa wa mgomba. Nilizikagua zote kwa makini, nazo zilichukua muda, na katika muda huo tulizungumza. Aliniuliza habari za wajukuu, za kakao, za magoti ya Mzee Shomari. Alinisimulia ujana wake. Nikivua kofia tu, aligeuka akaangalia pengine, nami nikaingia mgombani. Watu wa Mwaya waliona, wakajua, na hakuna aliyesema lolote, kwa sababu mwiko haukuvunjwa na upendo haukuzuiwa. Mimi nilimpenda mzee yule kama nilivyompenda baba aliyenizaa.

Ninyi vijana sasa mna kamba zenye ganda na kiini, kulabu zinazojifunga zenyewe, na vitabu vyenye picha. Vizuri sana, vitumieni. Lakini vueni glovu, ipitisheni mkononi kila asubuhi chini ya mti, na mning'inie kwanza ninyi. Na mkiona mahali kamba ilipolala usiku, ulizeni imelala na nani.

Baba mkwe aliishi hadi uzee mkubwa. Mwishoni macho yalimwacha, akawa anakaa ndani. Siku moja nikiwa kazini nililetewa habari kwamba hali yake si nzuri. Nikatoka nilivyo, nikapanda gari la kwanza la Mwaya. Nilipofika mlangoni kwake ndipo nikakumbuka kwamba kofia nimeiacha stooni. Nikasimama nje ya pazia. Sikuingia, sikusema, sikuondoka.

"Nani yuko hapo?" aliuliza.

Nikanyamaza, kwa sababu mkamwana hujibu nini? Alisikiliza kidogo, nadhani alinitambua kwa pumzi, maana nilikuwa nimekimbia.

"Ingia, mwanangu," alisema. "Macho yangu hayawezi tena kujua kama umevaa kofia."

Nikafungua pazia, nikaingia, nikakaa kitandani kwake, na kwa mara ya kwanza nikamshika baba yangu mkono.